Kushinda harusi, kulipa matanga: mshindi wa mnada asipolipa, ufuate njia ipi?

Mshindi wa mnada wa mtandaoni asiyelipa si mdaiwa kama wale tuliowazoea. Hajachukua mzigo wala hajala chako. Kitu bado unacho. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta namna ya kumkamua hela. Jiulize umpe muda gani kabla ya kumpa mwingine, na kama huyo mwingine bado yupo au ameshaondoka. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapopotezea. Wanavutana wiki nzima na mtu aliyenyamaza, huku aliyekuwa nyuma yake kwa hatua moja tu ya dau anakwenda kununua kwingine.

Njia ulizonazo ni kumkumbusha mnunuzi, kufuta oda, kumgeukia mweka dau wa pili, kutangaza upya, na kujikinga kabla mnada haujaanza. Mifano mingi hapa chini nimeitoa eBay, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 1995 na lenye kanuni zilizoandikwa wazi juu ya jambo hili. Majukwaa mengine yana siku zao na vitufe vyao, ila hesabu haibadiliki sana.

Kwa aliye na haraka: ukijibiwa, subiri. Usipojibiwa, usiongeze hata siku moja juu ya zile zilizowekwa na mfumo. Na kama mweka dau wa pili alikuwa karibu, mfuate yeye kabla hujafikiria kutangaza upya. Kuna mahali ushauri huo unavunjika, nitapafikia.

Ukumbusho wa mfumo au wa mkono wako?

Jukwaa hutuma ankara na vikumbusho lenyewe. Havikugharimu kitu, na vinaacha kumbukumbu. Ubaya wake ni kwamba mnunuzi hupokea barua pepe za aina hiyo kila siku na nyingi anazipita bila kuzifungua. Tena haziulizi chochote. Zinasema "lipa" kwa mtu ambaye pengine ameshajaribu kulipa mara tatu, na benki yake imekataa kwa kuwa muuzaji yuko nchi nyingine.

Ujumbe wako mwenyewe una kazi tofauti: kujua kimekwama wapi. Sababu za kuchelewa si nyingi. Mnunuzi ni mgeni na anadhani hela itakatwa yenyewe. Au gharama ya kutuma hajaielewa na anaona haya kuuliza. Au kadi imekataliwa. Au mshahara haujaingia. Au aliweka dau kwenye vitu viwili vinavyofanana akitegemea kupata kimoja, akashinda vyote. Au amejuta tu, na anaomba Mungu umsahau. Nne za mwanzo zinatibika kwa ujumbe mmoja. Mbili za mwisho hazitibiki hata kwa ishirini.

Tazama jumbe hizi mbili:

"Umeshinda mnada wangu tangu juzi na hadi sasa hujalipa. Lipa mara moja, la sivyo nitakuripoti."

"Habari. Asante kwa kununua ile kamera. Jumla pamoja na kuituma ni dola 112, na nitaifunga siku ileile malipo yakiingia. Je, kuna kinachokwamisha? Kama kadi inasumbua, au gharama ya kutuma haijaeleweka, niambie kabla ya Alhamisi jioni."

Wa kwanza unampa mtu sababu ya kununa, na aliyenuna hajibu. Wa pili una jumla kamili, una swali, na una siku. Ile "Alhamisi jioni" ina kazi kubwa kuliko maneno matamu yote, kwa sababu bila siku ya mwisho utazungushwa: kesho, kesho kutwa, wikiendi, mwisho wa mwezi. Siku yenyewe ipange kwa kuangalia muda uliowekwa na jukwaa, usiipange kwa huruma.

Utume mara moja tu, siku moja au mbili baada ya mnada kufungwa. Ukumbusho wa pili kwa mtu ambaye hakujibu wa kwanza sioni faida yake. Unamfundisha tu kwamba tarehe zako ni porojo. Akijibu, mambo ni mengine. Anayesema "nalipwa Ijumaa" ningempa hiyo Ijumaa hata kama mfumo unaniruhusu kufuta Jumatano. Ijumaa ikipita bila kitu, mazungumzo yameisha.

Ila kabla hujatuma chochote, angalia jambo hili: je, bado anaweka dau kwenye bidhaa zako nyingine? Kama ndivyo, huyo hachelewi. Anasubiri minada yako yote iishe ili alipe kwa mkupuo na vitu vyote viingie kwenye kifurushi kimoja. Wakusanyaji wa stempu, sarafu za zamani na vitabu wana tabia hiyo sana. Kumfutia oda mtu wa namna hiyo ni kumfukuza mteja bora uliye naye. Mwandikie kwamba utaunganisha, taja mnada wa mwisho unafungwa lini, kisha tulia.

Kusubiri au kufuta

Kwenye eBay mnunuzi ana siku nne za kalenda za kulipa, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Zikipita, muuzaji anaruhusiwa kufuta oda kwa sababu kwamba mnunuzi hajalipa. Akifanya hivyo, ada ya mauzo haimkai shingoni, na kufutwa huko kunaandikwa kwenye akaunti ya mnunuzi.

Anayesubiri zaidi ya hapo anapata nini? Wakati mwingine bei kamili ya mnada. Wakati mwingine mteja wa kudumu. Mara nyingi hapati chochote, na bidhaa yake imekaa kifungoni. Anayefuta mapema anapata uhuru wa kuuza, lakini anaweza kumpoteza mtu aliyekuwa anakuja kweli. Nikiwekewa hizo mbili, kwa kitu cha kawaida kinachopatikana kila wiki nafuta bila kufikiri. Kwa kitu cha nadra kilichopanda kwa sababu ya watu wawili tu, nakuwa mpole zaidi, kwa sababu nikimpoteza mmoja wa hao wawili bei haitarudi pale ilipokuwa.

Kuna mtego kwenye kuchagua sababu ya kufuta. Wapo wauzaji ambao kwa hasira au kwa uvivu hubonyeza sababu ya kwanza inayojitokeza. Ukisema bidhaa imeisha au haipo tena, kosa linakuwa lako, na eBay inakuhesabia doa kwenye rekodi yako ya uuzaji. Ukisema mnunuzi ameomba kufutiwa, mnaachana kwa amani na yeye haandikwi. Ukisema hajalipa, yeye ndiye anayeandikwa. Basi aliyekuandikia kwa ustaarabu, "samahani, nilikosea, naomba unifutie", mfutie kwa sababu yake aliyoomba. Humpotezei mtu jina kwa kusema ukweli. Aliyeingia mitini muandikie kilichotokea: hajalipa.

Unaweza pia kuuachia mfumo ufute wenyewe siku zikitimia. Kwa muuzaji wa vitu vingi vya bei ndogo hiyo ni nafuu kubwa. Hakuna anayetaka kufuatilia oda thelathini za dola tano tano. Lakini mashine haijui nani amekuahidi Ijumaa wala nani anasubiri kifurushi cha pamoja. Vitu vya bei kubwa vifute kwa mkono.

Mweka dau wa pili, au sokoni upya?

Hapa ndipo penye pesa, na ndipo watu wanapopita haraka.

Mnada wa eBay humruhusu mtu kutaja kiwango chake cha juu kabisa, kisha mfumo unampandishia kidogo kidogo kadiri inavyohitajika. Mshindi halipi kiwango chake chote. Analipa hatua moja juu ya kiwango cha aliyemfuata. Kati ya dola 25 na 99.99 hatua hiyo ni dola 1. Kuanzia dola 100 hadi 249.99 ni dola 2.50.

Turudi kwenye kamera yetu. Mshindi ameipata kwa dola 102.50. Maana yake wa pili alikuwa tayari kutoa dola 100 kamili. Mshindi akiingia mitini na wewe ukamtumia wa pili ofa ya nafasi ya pili, bei ya ofa hiyo ni dau lake la juu, yaani dola 100. Umepoteza dola 2.50. Basi! Watu wanakesha wakimuandama mshindi kana kwamba hasara ni dola 102.50, kumbe hasara halisi ni bei ya kalamu.

Sasa itazame kwa macho ya wa pili. Tuseme wa tatu aliishia dola 60. Kama yule mkwepaji asingekuwepo kabisa, wa pili angeshinda kwa dola 61. Leo unamletea kitu hichohicho kwa dola 100, ukimwambia aliyempandisha hakulipa. Ana haki ya kushuku. Atajiuliza kama mshindi huyo alikuwa rafiki yako aliyetumwa kupandisha bei, na mchezo huo upo kweli na umekatazwa. Ndiyo maana ofa nyingi za nafasi ya pili hukataliwa hata pale muuzaji anapokuwa msafi kabisa. Dawa yake ni kumwandikia sentensi mbili za ukweli, kwamba mshindi hakulipa, oda imefutwa siku fulani, na hana lazima yoyote. Ofa hiyo kweli haimfungi. Kwake ni hiari.

Zaidi ya hayo, wapo matapeli wanaotuma ofa za pili bandia kwa barua pepe, wakijifanya muuzaji na kutaka hela zitumwe pembeni. Mnunuzi aliyewahi kusikia hayo atakuwa na wasiwasi. Mwambie aangalie ndani ya akaunti yake. Ofa ya kweli inaonekana humo, na analipia humo humo.

Ofa hii inaweza kutumwa hadi siku 60 baada ya mnada kuisha, na wewe unachagua idumu siku 1, 3, 5 au 7. Usidanganyike na hizo 60. Aliyekosa kamera Jumapili huanza kutafuta nyingine Jumatatu. Kila siku unayomwongezea mshindi anayenyamaza, wa pili anazidi kupoa, na akishanunua kwingine zile dola 100 hazipo tena. Mimi ningetuma ofa siku ileile oda inapofutwa, na ningeipa siku tatu. Moja inambana mtu aliye safarini. Saba inakuchelewesha wewe.

Kutangaza upya kunashinda katika hali mbili tu. Ya kwanza ni pale wa pili mwenyewe anapotia shaka. Kama mkwepaji na mwenzake mmoja walivutana hadi dola 300 na wote wawili ni akaunti za juzi zisizo na maoni hata moja ya wauzaji, usimfuate wa pili, maana huenda mchezo ni uleule. Ya pili ni pale bidhaa inapouzika wakati wowote: simu ya kawaida, chaja, viatu vipya. Kwa vitu hivyo mnada wenyewe haukuwa na ulazima. Viweke kwa bei isiyobadilika na malipo ya papo hapo, na kama unataka nafasi ya kupatana, ruhusu ofa.

Ukitangaza upya kitu cha nadra, sema wazi kwamba mnunuzi wa awali hakulipa. Waliokuwa wakikifuatilia watakitambua, na wakikiona kimerudi bila maelezo watadhani kimerudishwa kwa sababu ya ubovu. Lakini ishia hapo. Matangazo yanayoanza na "wasio na hela wasijisumbue kuweka dau" nayaona mara kwa mara, na sijui yanamzuia nani. Mkwepaji hasomi. Anayesoma ni mnunuzi mzuri, naye anajiuliza muuzaji huyu atakuwaje siku kifurushi kikipotea.

Kinga kabla ya mnada

Malipo ya papo hapo ndiyo kinga kamili kuliko zote: kitu hakihesabiki kimeuzwa mpaka hela imeingia. Gharama yake ni kwamba yanakaa vizuri kwenye bei isiyobadilika tu, kwa hiyo unaachana na ule msisimko unaopandisha bei. Katika baadhi ya minada eBay sasa humtaka mweka dau aweke njia ya malipo mapema, na akishinda hela inakatwa. Hiyo inamaliza kesi za waliosahau na wanaojuta. Wenye kadi isiyo na salio bado watakusumbua.

Kuchuja waweka dau ni rahisi na ni bure: unaweza kuwazuia wale waliokwisha kufutiwa oda kadhaa kwa kutolipa, na unaweza kumfungia mtu mmoja mmoja kwa jina la akaunti. Lifanye leo hata kama hujawahi kupatwa. Kuwazuia wote wasio na maoni, hapana. Kila mnunuzi mzuri aliwahi kuwa na sifuri.

Amana ni silaha nzito. Minada ya mahakama za China inayofanyika kwenye Taobao, soko la mtandaoni la nchini humo, humtaka mshiriki aweke amana kwanza, na anayeshinda kisha asilipe huipoteza. Minada ya nyumba Uingereza kwa kawaida humtaka mshindi alipe asilimia 10 hapohapo. Kwa nyumba, magari na mashine sioni njia nyingine ya maana. Kwa kamera ya dola 100 amana itakufukuzia watu kabla hata hawajaangalia picha.

Vitisho na mahakama

Zamani muuzaji wa eBay alikuwa na fimbo: alama mbaya kwa mnunuzi. Tangu mwaka 2008 fimbo hiyo haipo. Muuzaji anaweza kumwachia mnunuzi maoni mazuri tu, au akae kimya. Kwa hiyo anayetishia kumharibia mnunuzi jina lake anatishia kwa kitu ambacho hana.

Kisheria, dau ni ahadi inayofunga. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ililithibitisha hilo mwaka 2001 katika kesi ya gari lililouzwa kwa mnada wa mtandaoni, ingawa pale aliyetaka kujitoa alikuwa muuzaji. Haki unayo, basi. Lakini muda, ada na safari za kumfikisha mtu wa mji mwingine mbele ya hakimu vinazidi thamani ya vitu vingi vinavyouzwa mtandaoni. Kwa gari, fikiria. Kwa saa ya mkononi, achana nayo.

Wakubwa nao hukwama. Februari 2009, kwenye mnada wa kampuni ya Christie's mjini Paris wa mali za mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent, Cai Mingchao wa China alishinda vichwa viwili vya shaba, cha panya na cha sungura, kisha akatangaza hadharani kwamba hatalipa, kwa madai kwamba viliporwa Beijing. Vichwa vikabaki kwa Pierre Bergé, mwenzi wa Saint Laurent aliyekuwa akiviuza. Na ukitaka mfano wa kale zaidi, mwaka 193 walinzi wa kifalme wa Roma walinadi kiti cha enzi. Sulpicianus alifika sesterce (sarafu za Roma) 20,000 kwa kila askari. Didius Julianus akaruka hadi 25,000 akashinda. Mwanahistoria wa kale Herodian anaandika kwamba hakuwa na fedha za kutimiza ahadi. Alitawala siku 66, akauawa.

Akirudi baada ya wewe kufuta

Hutokea kuliko watu wanavyodhani. Siku ya sita au ya saba ujumbe unaingia: nilikuwa naumwa, simu iliharibika, bado naitaka. Kama ofa kwa wa pili iko wazi, mwambie ukweli kwamba kuna aliyetangulia, na muda wake unaisha lini. Usiivunje ofa hiyo kwa ajili ya dola 2.50.

Kama hakuna anayesubiri, mwekee tangazo jipya la bei ileile isiyobadilika lenye malipo ya papo hapo, umpe saa 24. Akilipa, vizuri, tuma kwa njia yenye namba ya ufuatiliaji. Akianza kuomba akutumie hela pembeni, au akuletee hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei ili umrudishie chenji, huyo hakuwa mchelewaji tangu mwanzo. Mfungie akaunti na uendelee na wengine.